Kopi Ikimshinda Mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika migahawa ya kahawa ya Greenwich Village, New York, alikuwapo mpiga gitaa mmoja, jitu la mtu, mwenye ndevu na sauti ya kukwaruza. Jina lake Dave Van Ronk. Kati ya nyimbo zilizompa sifa ulikuwamo mmoja wa kale usiojulikana mtunzi wake, The House of the Rising Sun, kilio cha mtu aliyepotelea katika nyumba moja ya New Orleans. Van Ronk alikuwa ameutengeneza upya. Sauti za gitaa alizibadilisha, na chini yake akaweka besi inayoteremka ngazi kwa ngazi, kama mtu anayeshuka kisimani gizani.

Siku moja kijana mgeni aliyezoea kulala kwenye kochi lake alimjia na ombi: je, angeweza kuurekodi wimbo ule kwa mpangilio wake? Van Ronk akamwomba asubiri, maana yeye mwenyewe alikuwa na nia ya kuurekodi karibuni. Kijana akababaika. Alikuwa ameshaurekodi. Kijana huyo ni Bob Dylan, na wimbo ukatoka katika albamu yake ya kwanza, Machi 1962.

Tangu hapo, kila Van Ronk alipoupiga, wasikilizaji walimwona anamwiga Dylan. Akauweka kando. Miaka miwili baadaye vijana watano kutoka Newcastle, Uingereza, waliojiita The Animals, wakaingia studio jijini London wakiwa na gitaa la umeme na kinanda. Waliupiga mara moja tu, basi, ukawa umepatikana. Ukashika namba moja Uingereza, ukashika namba moja Marekani. Sasa ikawa zamu ya Dylan kuambiwa anawaiga Animals, naye akauacha. Van Ronk alikisimulia kisa hiki hadi uzeeni, na alikisimulia akicheka.

Kicheko hicho kinastahili kuchunguzwa. Wapenzi wa roki wana ubishi usiokwisha: wimbo ukichukuliwa na mwingine ukapigwa upya, au kwa lugha ya bendi zetu ukipigwa kopi, huwa unapata nafuu au unaharibika? Wapo wanaoapa kwamba cha kwanza ni cha kwanza, mengine ni mwangwi. Wapo wanaotaja majina matano, sita, ya kopi zilizowazika wazazi wao. Mimi nasimama na hawa wa pili, lakini kwa sharti. Ninavyosikia, wimbo wenyewe haushindwi kamwe. Kinachoshindwa ni rekodi, na rekodi ya kwanza ni jaribio la kwanza tu la kuusoma wimbo. Aliyeandika barua si lazima awe ndiye msomaji wake bora.

Mistari mitatu juu ya miwili

Waswahili walikuwa na kazi ya namna hii muda mrefu kabla ya gitaa la umeme, na waliipa jina: takhmisi. Mshairi huchukua utungo wa mwenzake, mara nyingi wa marehemu wa kale, kila ubeti mistari miwili. Juu yake hutanguliza mitatu ya kwake, ubeti ukawa wa mistari mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule wa utenzi wa Al-Inkishafi, alivyoyafanyia maneno yanayonasibishwa na mshairi wa kale Fumo Liyongo.

Katika kazi hiyo hakuna pa kujificha. Mistari ya mwenyewe ipo palepale, na msikilizaji anaijua. Ile mitatu mipya ikiwa mibovu itaonekana kiraka. Ikiwa mizuri, miwili ya kale itaonekana kana kwamba ilikuwa imekaa miaka yote ikiingojea.

Sijapata kipimo bora cha kupimia kopi za roki. Ukubwa wa sauti hauhesabiki, wala idadi ya santuri zilizouzwa. Swali ni moja: aliyekuja baadaye amekuta nini ambacho mwenyewe alikiacha bila kukisema?

Upepo wa Hendrix

Novemba 1967 Dylan alikuwa Nashville akirekodi albamu ya John Wesley Harding. Ulikuwa mwaka wa makeke. The Beatles walikuwa wametoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, na kila kundi lilitaka kujaza studio kwa ala ambazo babu zao hawakuziona. Dylan akaingia na gitaa kavu, kinanda cha mdomo, mpiga besi na mpiga dramu. Humo mkazaliwa All Along the Watchtower, wimbo wa dakika mbili na nusu, sauti zilezile tatu za gitaa zikizunguka mwanzo hadi mwisho. Mcheshi na mwizi wanazungumza. Kisha macho yanahamia kwenye mnara wa walinzi. Kwa mbali wanaonekana wapanda farasi wawili, na upepo unaanza. Hapo wimbo umekwisha. Hadithi inakatika mahali ambapo hadithi nyingine zingeanzia.

Januari 1968, wiki chache baada ya albamu kutoka, Jimi Hendrix alikuwa katika Olympic Studios, London, akiurekodi wimbo huo. Mpiga besi wake, Noel Redding, hakuifurahia kazi, akaondoka. Hendrix akapiga besi mwenyewe. Dave Mason wa kundi la Traffic akashika gitaa kavu la nyuzi 12. Baadaye kanda zikapelekwa New York, na kwa miezi kadhaa Hendrix akawa anaongeza gitaa juu ya gitaa. Ulipotoka Septemba 1968 ukawa singo yake iliyopanda juu kuliko zote katika chati ya Marekani. Ulifika namba 20.

Usikilize uone alichokifanya. Ubeti hakuongeza hata mmoja. Alichokiongeza ni hali ya hewa. Katikati ya wimbo gitaa lake linabadilika mara nne: kwanza linaimba wazi, kisha linateleza kwa chuma juu ya nyuzi, kisha linatamka kama kinywa kwa pedali ya wa-wa, mwishowe linakwangua nyuzi zote kwa pamoja. Ni kama kusimama juu ya ukuta na kuona wingu likija kutoka pande nne. Na neno la mwisho la wimbo likishatamkwa, gitaa linapanda na kubaki huko juu likilia hadi sauti inafifia. Upepo ule Dylan aliutaja tu. Hendrix akauvumisha.

Hapo ndipo takhmisi ilipokamilika. Rekodi ya Dylan haina kasoro. Ukavu wake unatisha kwa namna yake, kama ukimya wa mtu anayejua habari mbaya na hajaisema. Lakini ndani yake kulikuwa na chumba kilichofungwa, na Hendrix ndiye aliyepita na ufunguo.

Senti mbili

Kabla ya kusifu zaidi, tutazame mfuko, kwa kuwa ubishi wa kopi una harufu ya pesa tangu mwanzo wake.

Mwaka 1909 Marekani ilitunga sheria ya hakimiliki iliyoweka utaratibu wa ajabu kidogo. Wakati huo zilikuwapo piano za kujipiga zenyewe kwa karatasi zilizotobolewa, na wabunge waliogopa kampuni moja isije ikahodhi nyimbo zote. Kwa hiyo wakaamua: mtunzi akisharuhusu wimbo wake urekodiwe mara moja, mtu mwingine yeyote ana ruhusa ya kuurekodi, mradi alipe senti mbili kwa kila nakala. Senti hizo mbili hazikuongezeka hadi mwaka 1978. Bila sheria hiyo historia ya roki ingekuwa nyembamba sana. Hakuna aliyehitaji kupiga magoti mbele ya mtunzi, ulilipa, ukapiga.

Lakini angalia nani analipwa. Senti zinakwenda kwa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji wa kwanza, yule aliyeupa wimbo roho, hapati kitu kwa kopi za wengine.

Muulize Willie Mae Thornton, aliyejulikana kama Big Mama. Agosti 1952 aliimba Hound Dog, wimbo uliotungwa na vijana wawili wa miaka 19, Jerry Leiber na Mike Stoller. Mwaka 1953 ulikaa wiki saba katika namba moja ya chati ya muziki wa Wamarekani weusi. Katika rekodi ile unamsikia mwanamke aliyechoka akimfungia mlango mwanamume mnyonyaji. Mbwa ni tusi tu. Anakoroma, anacheka, anambembeleza mpiga gitaa wake aendelee. Kwa maelezo yake mwenyewe alipata hundi moja ya dola 500, na hakuona nyingine.

Majira ya kuchipua ya 1956 Elvis Presley alikuwa Las Vegas, akalisikia kundi la Freddie Bell and the Bellboys likiupiga wimbo huo kwa mzaha, maneno yakiwa yamegeuzwa. Julai akaingia studio New York na kuurudia zaidi ya mara 30 mpaka akaridhika. Dramu zinapigwa kama bunduki, gitaa la Scotty Moore linakata kama wembe, na dunia ikatetemeka. Mimi pia huinuka nikiusikia. Lakini mwanamke ametoweka, mwanamume mnyonyaji ametoweka, amebaki mbwa kweli, na mtu anayemfokea mbwa kwa sababu isiyoeleweka. Kwa kipimo cha takhmisi, mistari mitatu ya Elvis inang'aa, ila imeifuta ile miwili. Kopi hii ilishinda sokoni. Wimbo ulishinda kwa Big Mama.

Miaka hiyo kulikuwa na kopi za chini zaidi ya hiyo. Msanii mweusi alikuwa hajamaliza wiki na kibao chake, kampuni nyingine ikamwita mwimbaji mweupe mwenye sura ya adabu, akakirekodi upesi kwa ajili ya redio ambazo zisingempiga yule wa kwanza. Pat Boone alikuwa hodari wa kazi hiyo. Aliuchukua Tutti Frutti wa Little Richard akaunyoosha pasi kama sare ya shule. Little Richard, kwa mujibu wa simulizi lake, alijibu kwa kuuimba Long Tall Sally kwa kasi ambayo aliamini Boone hataiweza. Boone akaurekodi hata hivyo. Ukizisikiliza leo mbili hizo moja baada ya nyingine, hutahitaji mwamuzi.

Na kile kicheko cha Van Ronk? Wimbo usio na mtunzi unampa pesa aliyejiandika kuwa mpangaji. Kwenye lebo ya santuri ya Animals liliandikwa jina moja tu, la mpiga kinanda Alan Price. Kwa masimulizi ya wenzake, waliambiwa majina ya watu watano hayatoshi kwenye lebo. Price akapokea mirabaha. Wenzake wanne wakabaki na donge. Kwa hiyo wapo wanaolia kwa kopi na wapo wanaotabasamu, na mara nyingi tofauti yao ni sahihi kwenye karatasi.

Otis Redding aliweza kutabasamu. Juni 1967, kwenye tamasha la Monterey huko California, mbele ya umati uliokuja kuwasikiliza akina Hendrix na Janis Joplin, aliutambulisha wimbo wake Respect kwa kutania kwamba kuna binti mmoja ameuchukua. Binti huyo alikuwa Aretha Franklin, na kopi yake ilikuwa imetoka tu kukaa namba moja. Otis alikuwa mtunzi, hivyo kila nakala ya Aretha ilimpa senti. Kicheko chake kilikuwa cha kweli, na kilikuwa na bima.

Kuiga sana, kukuza sana

Kopi hufa kwa maradhi mawili makuu.

La kwanza ni uaminifu uliopita kiasi. Mwaka 1976 Todd Rundgren, fundi wa studio asiye na mfano, alitoa albamu aliyoiita Faithful. Upande mmoja wa santuri alirudia vibao vya miaka ya 1960, vya Beatles, Beach Boys, Dylan, Hendrix na Yardbirds, sauti kwa sauti, mwangwi kwa mwangwi, kadiri mashine zilivyomruhusu. Unavua kofia kwa ufundi wake. Kisha unajiuliza: kama ni hivi, si nichukue santuri yenyewe? Katika bendi zetu za dansi kijana aliyeweza kupiga kopi bila kukosea alipewa heshima, kwa kuwa ni mtihani wa vidole. Lakini mtihani ukishafaulu hutundiki karatasi ya majibu ukutani.

La pili ni kukuza kila kitu. Dylan alitunga Knockin' on Heaven's Door mwaka 1973 kwa ajili ya filamu ya Pat Garrett and Billy the Kid, katika tukio la ofisa wa sheria anayekufa taratibu kando ya maji. Wimbo ni wa dakika mbili na nusu, na nguvu yake iko katika kupungua: maneno machache, pumzi chache, mtu anazimika. Guns N' Roses waliuweka katika Use Your Illusion II mwaka 1991, ukawa zaidi ya mara mbili ya urefu, na viitikio vya kuimbwa na uwanja mzima wa mpira. Uwanja uliimba, sikatai. Ila mtu anayekufa hana pumzi ya kuongoza uwanja.

Linganisha na Joe Cocker, aliyekuwa fundi wa mabomba ya gesi huko Sheffield kabla ya muziki. With a Little Help from My Friends ulikuwa wimbo mchangamfu alioachiwa Ringo Starr katika Sgt. Pepper, mwepesi kama mazungumzo ya barazani. Cocker naye alikuza. Naye aliongeza urefu maradufu. Lakini alianza kwa kupunguza. Aliupunguza mwendo hadi ukawa wa kuyumba, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na katika mwendo ule swali dogo la Ringo, kwamba je, marafiki watanivumilia, likageuka kuwa swali la mtu aliyeko shimoni akitazama juu. Alipouimba Woodstock Agosti 1969, mikono ikitetemeka hewani ikipiga gitaa lisilokuwapo, hakuna aliyedhani ni wimbo wa kuchekesha. Hofu ile ilikuwamo tangu mwanzo. Beatles waliipita wakitabasamu.

Kuna kopi nyingine ambazo kazi yake yote ni mkasi. Leonard Cohen alihangaika miaka na Hallelujah, akaandika beti kwa makumi. Alipouweka katika Various Positions mwaka 1984, kampuni yake ilikataa hata kuitoa albamu hiyo Marekani. Rekodi ile ina vinanda vya umeme vya wakati wake na kwaya nzito. Unaona almasi iliyofungwa kwenye gunia. Miaka michache baadaye John Cale, mtu wa kundi la Velvet Underground, akamwomba Cohen maneno ya wimbo. Akaletewa faksi ya kurasa zipatazo 15. Cale akachagua beti alizozitaka, akakaa kwenye piano peke yake, na mwaka 1991 rekodi yake ikatoka katika albamu ya wasanii mbalimbali ya kumuenzi Cohen. Kijana mmoja, Jeff Buckley, akausikia kwa Cale, wala si kwa Cohen; akauimba kwa gitaa moja la umeme katika albamu yake Grace ya 1994. Miaka mitatu baadaye akafa maji mjini Memphis akiwa na miaka 30, na wimbo ukabaki duniani kwa sauti yake.

Kwa hiyo wimbo unaoimbwa leo kwenye harusi na misiba ya Wazungu ni kopi ya kopi. Cohen aliupa maneno, Cale akaupa umbo, Buckley akaupa pumzi. Ukafika mahali ambapo kila shindano la kuimba linautaka, mpaka Cohen mwenyewe akakubali kwamba huenda watu wanauimba kupita kiasi. Hakukasirika. Ulikuwa umekataliwa mlangoni, sasa ulikuwa unaombwa upumzike.

Kinywa kinachoimba

Mara nyingine maneno yanayobadilika ni machache, na bado wimbo unakuwa mwingine kabisa, kwa sababu kinywa ni kingine. Respect ya Otis ni ombi la mwanamume anayerudi nyumbani kutoka kazini. Aretha alipouimba, pamoja na dada zake Carolyn na Erma wakimwitikia, dai likabadilisha upande wa meza. Aliongeza kulitamka neno lenyewe herufi kwa herufi, kama mwalimu anayemfundisha mtoto mzito, na hilo Otis asingeweza kulifanya; mwenye nyumba hahitaji kutaja herufi. Kinyume chake pia hutokea. The House of the Rising Sun ulikuwa kilio cha msichana: mwaka 1937 Alan Lomax aliurekodi Kentucky kutoka kwa Georgia Turner, binti wa miaka 16 wa familia ya mchimba migodi, na hata Dylan aliuimba kama mwanamke. Animals wakaugeuza kuwa wa mvulana. Gitaa ni la ajabu, sauti ya Eric Burdon ni ya ajabu, lakini aibu ya binti yule, iliyokuwa moyo wa kisa, imebaki nje ya mlango.

Yupo mtu wa kwetu katika habari hii. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar Septemba 1946, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964; dunia ikamjua kama Freddie Mercury wa Queen. Mwaka 1987, nje ya kundi lake, alitoa The Great Pretender, wimbo wa kundi la Platters wa 1955 kuhusu mtu anayejifanya hajaumizwa na mapenzi. Kwa Platters ni mpenzi mmoja na jeraha moja. Kwa Mercury, aliyeishi jukwaani kwa mavazi na majina ya kujitungia, ni maisha mazima. Katika video yake aliwavaa tena wahusika wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefungua kabati na kujicheka. Mtunzi, Buck Ram, asingeweza kujua mwaka 1955 kwamba anamwandikia mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ng'ambo ya bahari mbili.

Halafu kuna Hurt. Trent Reznor wa Nine Inch Nails aliutunga akiwa hajatimiza miaka 30, akaufanya wa mwisho katika The Downward Spiral ya 1994. Ni wimbo wa kijana anayejiangalia akijiharibu. Mwaka 2002 mtayarishaji Rick Rubin alimpelekea Johnny Cash, aliyekuwa na miaka 70, mgonjwa, sauti imepasuka. Cash alibadili neno moja chafu, akaweka taji la miiba mahali pake. Mengine aliyaacha.

Mwelekezaji Mark Romanek alimpiga picha katika nyumba ya makumbusho ya Cash huko Tennessee, iliyokuwa imefungwa na kuharibika. Mkewe, June Carter, anasimama kwenye ngazi akimtazama, na uso wake unasema yote ambayo wimbo hausemi. June alifariki Mei 2003. Cash akamfuata Septemba mwaka huohuo. Reznor, ambaye mwanzoni hakulipenda wazo la kopi, alipoiona video alikiri kwamba wimbo ule si wake tena.

Wengi hutumia maneno hayo kufunga mjadala: Cash ameshinda, twende nyumbani. Mimi sifungi. Kijana wa miaka 28 anayeimba kwamba kila kitu ni takataka anaogopa kwamba huenda ni kweli. Mzee wa miaka 70 anayeimba maneno hayohayo, amezungukwa na tuzo zake na picha zake, anafanya hesabu ya mwisho na anaona jumla. Hizo ni hofu mbili tofauti. Rekodi ya Reznor inaishia katika kelele ya gitaa inayounguruma hadi hewa inatetemeka, na kelele ile ndiyo ukweli wa umri ule: bado kuna nguvu ya kubomoa. Cash hakuihitaji. Aliyeko gizani akiwa na miaka 20 na kitu bado atamhitaji Reznor. Akiishi, siku moja atamhitaji Cash.

Haya yote yananirudisha kwa yule kijana wa kwenye kochi. Dylan aliuchukua wimbo wa Van Ronk, Van Ronk akauacha. Animals wakauchukua kwa Dylan, Dylan akauacha. Ungetegemea Hendrix alipouchukua Watchtower mambo yaende vilevile, na mwenyewe aufiche wimbo wake uvunguni. Hendrix alifariki London Septemba 1970, na miaka mitatu na ushei baadaye, Januari 1974, Dylan alirudi kwenye ziara kubwa akiwa na The Band. Watu wakasikia Watchtower ukitoka jukwaani. Kinanda kilikuwa kinaunguruma, gitaa la umeme linawaka, ile nyumba kavu ya Nashville haipo. Alikuwa anaupiga kwa njia ya Hendrix.

 Tangu hapo ameupiga zaidi ya mara 2,000, kuliko wimbo wake mwingine wowote, na amewahi kueleza kwamba kila akiuimba huona kama anamkumbuka marehemu. Katika takhmisi sijawahi kusikia jambo hilo: Liyongo aamke, asimame barazani, na akifika kwenye ubeti wake aanze kwanza kuighani mistari mitatu ya mgeni.